Jinsi ya kubuni kibebeo cha kadibodi cha chupa sita: kibebeke mkononi, kipangike stoo

Kila anayeanza kuuza juisi au kinywaji cha tangawizi kwenye chupa huja na maswali yale yale. Ninunue kadibodi ya unene gani? Kishikio kikae wapi? Mbona maboksi ya chini yanabonyea stoo, na ya juu yako sawa tu? Mwongozo huu ni wako wewe unayeuliza hivyo. Ukiufuata, utatoka na sampuli ya mkononi uliyoitengeneza mwenyewe, na vipimo vya kumpelekea mwenye kiwanda cha maboksi.

Kazi hii imekuwa muhimu zaidi tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Zamani mteja alizitupia chupa sita kwenye rambo akaondoka. Sasa akikosa cha kubebea ananunua mbili, moja kila mkono.

Kabla ya kuchora chochote: mzigo utabebwa na nani?

Ukipanga vibebeo kimoja juu ya kingine, uzito wa vya juu lazima ushuke hadi chini kwa kupitia kitu fulani. Ama unapita kwenye chupa zenyewe, ama unapita kwenye kuta za kadibodi. Amua hili kwanza, maana ndilo linaloamua urefu wa kuta, unene wa kadibodi na hata jinsi utakavyopanga stoo.

Chupa ya kioo inabeba bila shida. Chupa ya plastiki yenye gesi nayo inajikaza kwa presha ya ndani, mradi haijafunguliwa. Lakini chupa ya plastiki ya maji au juisi isiyo na gesi hulegea na kubonyea, hasa joto likizidi, kwa hiyo hapo kuta za boksi ndizo nguzo. Kosa ninaloliona kuliko yote ni mtu kuiga kibebeo cha bia, chenye kuta fupi, akakipa chupa laini za juisi ya embe, halafu akalaumu kadibodi.

Hapa nitatumia chupa ya kioo ya mililita 330 yenye shingo ndefu, kipenyo milimita 61 na kimo milimita 230 hadi juu ya kizibo. Chupa yako ikiwa tofauti, badilisha namba tu, hatua ni zile zile. Chupa za plastiki nimezitengea sehemu yake chini.

Unachohitaji

- Chupa kumi zilizojaa, zenye lebo na vizibo. Usitumie chupa tupu.
- Kadibodi ya mawimbi ya plai 3 (karatasi mbili bapa, katikati moja ya mawimbi), wimbi E (unene wa takriban mm 1.5). Wimbi B ni karibu mm 3 na wimbi C karibu mm 4, hizo ni nene mno kwa kibebeo cha mkononi.
- Rula ya chuma, penseli na kisu kikali cha kukatia karatasi.
- Kitu butu cha kuchorea mikunjo. Kalamu ya wino iliyokwisha inafaa sana.
- Gundi nyeupe ya mbao. Gundi ya wanga achana nayo, unyevu utaifungua.
- Vibanio vya nguo, mizani na kamba.

Kwa majaribio ya mwanzo ya umbo unaweza kukata maboksi yaliyotumika. Kwa majaribio ya nguvu, hapana: boksi lililokwisha kubeba mzigo limeshachoka, litakupa majibu ya uongo. Omba kiwandani shiti chache za kadibodi ile ile utakayoagiza.

Hatua

1. Pima chupa, na uchukue ile nene kuliko zote. Kama huna kipimo cha kalipa, zungusha ukanda wa karatasi kwenye tumbo la chupa, weka alama unapokutana, pima urefu wake kisha gawanya kwa 3.14. Pima juu ya lebo, siyo kando yake. Chupa za kioo zinazorudishwa na kuoshwa hutofautiana, ndiyo maana nimesema kumi.

2. Tafuta ukubwa wa chumba kimoja. Kipenyo kikubwa zaidi, ongeza mm 2: kwa chupa yetu ni 61 + 2 = 63. Ukibana zaidi ya hapo, kadibodi ikivuta unyevu chupa hazitatoka. Ukiachia mm 5 au 6, chupa zitacheza na lebo zitachubuka njiani.

3. Hesabu vipimo vya ndani. Urefu: vyumba 3 vya mm 63 ni 189, ongeza vigawanyo viwili vya mm 1.5 na ndimi mbili za mwisho (vipande vya kukunja na kugundisha, utavichora hatua ya 5) za mm 1.5, jumla 195. Upana: vyumba 2 vya mm 63, katikati paneli ya kishikio yenye tabaka mbili, yaani mm 3, jumla 129.

4. Amua kimo cha kishikio. Hapa ndipo kubeba na kupanga vinapogombana. Kishikio kirefu ni raha mkononi, lakini kikipita juu ya vizibo, kibebeo cha juu kitakaa juu ya kishikio badala ya chupa, kitakikunja, na rundo zima litayumba. Kwa hiyo kilele cha kishikio kiwe mm 5 chini ya usawa wa vizibo: kwetu 225. Mkono unapata nafasi kwa sababu shingo za chupa ni nyembamba, vidole vinapita katikati ya safu mbili. Kizibo cha katikati kitagusa vidole kidogo, ni kawaida. Mwite mtu mwenye mkono mkubwa ajaribu kabla hujaendelea.

5. Chora ukanda mkuu. Uzuri wa umbo hili ni kwamba kuta mbili za pembeni, sakafu na kishikio vyote vinatoka kwenye ukanda mmoja usiokatika. Ukiutazama kwa ubavu baada ya kuukunja, unashuka ukuta wa kushoto, unapita sakafuni, unapanda katikati hadi kileleni, unashuka tena, unapita sakafuni upande wa pili na kupanda ukuta wa kulia. Uzito wa chupa unavuta sakafu, sakafu inavuta paneli ya kati moja kwa moja, bila kutegemea gundi peke yake.

Pima kwa mfuatano huu kwa urefu wa ukanda:

- ukuta wa kushoto mm 120
- sakafu ya kushoto mm 65
- paneli ya kati mm 225
- mgongo wa kilele mm 3
- paneli ya kati ya pili mm 225
- sakafu ya kulia mm 65
- ukuta wa kulia mm 120

Jumla ni mm 823, na upana wa ukanda ni mm 195. Sakafu imekuwa 65 badala ya 63 kwa sababu mkunjo wenyewe unakula unene wa kadibodi. Mgongo wa mm 3 usiuache. Kadibodi haiwezi kujikunja nyuzi 180 kwenye mstari mmoja bila kupasuka, inataka mistari miwili iliyoachana kwa mara mbili ya unene wake.

Kwenye kila paneli ya kati, upande wa kushoto na wa kulia, ongeza ulimi wa mm 30 kwa upana na mm 110 kwa kimo, kuanzia karibu na sakafu kwenda juu. Ndimi hizi ndizo zitakazoshikana na kuta za mwisho.

Onyo: mawimbi ya kadibodi lazima yaende kwa urefu wa ukanda, ili kibebeo kikisimama mawimbi nayo yasimame wima. Chungulia ukingo wa shiti kabla ya kukata, ule wenye vitundu unakuonyesha mwelekeo. Mawimbi yakilala, ukuta unabonyea kwa kidole na kishikio kinapinda kama sandali iliyolowa. Ukimpelekea fundi mchoro usio na mshale wa mawimbi, atalaza mchoro kokote shiti inapobana vizuri, na huwezi kumlaumu.

6. Chora kuta za mwisho, mbili. Kila moja upana mm 134, kimo mm 120, yenye ulimi wa mm 30 kila upande na mwingine wa mm 30 chini. Mawimbi wima vilevile.

7. Chora vigawanyo, viwili. Urefu mm 129, kimo mm 70. Vitapenya kwenye paneli ya kati kupitia mipasuo ya wima, mm 72 kwa kimo na mm 2 kwa upana, inayoanza mm 20 juu ya sakafu. Mipasuo ikae mm 65 na mm 130 kutoka ukingo wa paneli. Ichore kwenye paneli zote mbili ili zikigandana ilingane.

Usianzishe mpasuo kwenye mkunjo wa sakafu. Ukiukata mkunjo ule umekata njia ya mzigo.

8. Chora tundu la mkono. Urefu mm 85, kimo mm 28, pembe zote ziwe duara. Pembe kali ndiyo inayoanzisha mchaniko, kila mara. Upande wa chini wa tundu uwe mm 170 kutoka sakafuni, hapo juu ya tundu itabaki mm 27 ya kadibodi, inatosha. Usilikate tundu lote na kutupa kipande: kata chini na pembeni, acha upande wa juu kama mkunjo. Ukisukuma kipande kile na kukikunja juu, vidole vinakaa kwenye mgongo laini badala ya ukingo unaokata. Mteja anayetembea kutoka dukani hadi kituo cha daladala na kilo tatu mkononi atausikia utofauti huo.

9. Kunja kabla ya kukata. Pitisha kalamu iliyokwisha wino kwenye kila mstari wa mkunjo, ukikandamiza mawimbi bila kuchana karatasi ya juu. Wengi huchukua kisu na kuchanja nusu ya unene ili ikunjike kirahisi. Inakunjika kweli, na inakatikia hapo hapo siku ya tatu. Mikunjo ikishakamilika, kata pembezoni, mipasuo na tundu.

10. Gundisha kwa mpangilio. Kwanza paneli mbili za kati, mgongo kwa mgongo, ukiacha ndimi zake bila gundi. Bana kwa vibanio mpaka zikauke. Kisha ndimi zikunje nje, moja kushoto na moja kulia, uzigundishe kwenye uso wa ndani wa ukuta wa mwisho. Ndimi za pembeni za ukuta wa mwisho zigande nje ya kuta ndefu, na ulimi wa chini ugande chini ya sakafu. Mwisho penyeza vigawanyo. Acha usiku mzima.

Kibebeo kikikamilika kitakuwa takriban mm 198 kwa 135 kwa nje. Hicho si kipimo cha bahati. Kwenye chaga (paleti ya kupangia mizigo) ya mm 1200 kwa 1000 vinakaa 6 kwa 7, yaani 42 kwa tabaka, bila kuning'inia nje. Na vibebeo vinne ni chupa 24, hesabu ile ile ya kreti la soda ambayo mwenye duka la jumla anaijua usingizini. Bei yako ya jumla iseme kwa nne nne.

Jaribu kabla ya kuagiza

Chupa moja ya namna hii ikijaa ina uzito wa karibu gramu 530, sita ni kama kilo 3.2. Usijaribu kwa kilo 3.2. Mtu huinua kwa kishindo, bodaboda hurukia tuta, na kishindo huongeza mzigo. Weka mawe au mchanga hadi kilo 10, ning'iniza kibebeo kwa kamba pana iliyopita kwenye tundu, kiache saa nzima. Ukiona mchaniko wowote kwenye pembe za tundu au kwenye mkunjo wa sakafu, rudi hatua ya 8 au ya 9.

Jaribio la pili ni la friji, na hili ndilo linalofelisha wengi. Weka kibebeo na chupa zake kwenye friji usiku kucha, kitoe asubuhi, kiache mezani chupa zitoke jasho, kisha inua. Pwani, Dar, Tanga au Mombasa, usikubali sampuli ambayo haijapita hapa. Kadibodi kwenye unyevu mkali hupoteza karibu nusu ya nguvu yake, na miezi ya masika unyevu huo uko hata stoo kwenye paa zima. Sakafu ikilegea, omba karatasi ya nje iwe kraft (karatasi imara ya kahawia) ya nyuzi mpya badala ya iliyorejelewa. Inagharimu zaidi. Mimi ningepunguza rangi za uchapaji nikalipia kraft.

Jaribio la tatu, panga tabaka sita na uziache siku mbili. Kati ya kila tabaka weka shiti moja ya kadibodi kavu. Bila shiti hiyo, vizibo sita vya chini vinachoma sakafu ya kibebeo cha juu kwa nukta sita, na sakafu yetu ni tabaka moja tu. Kwa sababu hapa chupa ndizo zinazobeba, unaweza kupishanisha tabaka kama tofali ili rundo lishikane.

Kama chupa zako ni za plastiki na hazina gesi

Sahau kuta fupi. Tengeneza boksi la chupa 12, kuta zifike mm 2 au 3 juu ya vizibo, kwa wimbi B au C. Nafasi ya juu ikizidi hapo, boksi linabonyea kwanza mpaka liguse chupa, na umepoteza faida yote.

Hesabu yake ni hii. Chupa 12 za nusu lita ni kama kilo 6.3. Ukipanga maboksi 8, la chini kabisa linabebeshwa 7, yaani kilo 44. Mwambie mwenye kiwanda unataka boksi linalohimili mgandamizo wa mara nne hadi tano ya hapo, kilo 180 hadi 220. Mwanzoni inaonekana ni kupita kiasi, lakini unyevu, muda mrefu stoo na mitikisiko ya Kirikuu (gari dogo la mizigo) kwenye barabara ya vumbi vitakula ziada hiyo yote.

Hapa usipishanishe tabaka kama tofali. Nguvu kubwa ya boksi iko kwenye pembe zake nne. Pembe ikae juu ya pembe, nguzo moja toka chini hadi juu, na ukihitaji kuzuia rundo lisianguke lizungushie kamba au mkanda. Boksi linaloning'inia nje ya chaga hata sentimita mbili limepoteza pembe mbili. Matundu ya mkono yaweke katikati ya kuta fupi, mbali na pembe.

Uchapaji: jambo moja usilisahau

Msimbo pau wa kibebeo uwe tofauti na wa chupa moja. Ukiacha ule wa chupa uonekane pembeni, keshia atapitisha chupa moja na mteja ataondoka na sita. Kwa kuwa kuta zetu ni mm 120 na lebo za chupa huanzia chini, hakikisha ukuta unafunika msimbo wa chupa, au mwombe anayechapa lebo aushushe. Misimbo ya Tanzania inaanza na 620, ya Kenya 616, na unaipata kupitia ofisi za GS1, shirika linalotoa misimbo pau, za nchi yako.

Ikigoma

*Tundu la mkono linachanika pembeni.* Pembe si duara ya kutosha, au mawimbi yamelala. Vyote vikiwa sawa, gundi kati ya paneli mbili haikufika juu ya tundu. Zile mm 27 za juu lazima zigande kabisa, tabaka kwa tabaka.

*Chupa zinagongana na kulia njiani.* Vigawanyo ni vifupi au vimekaa juu mno. Viguse tumbo la chupa, pale penye kipenyo kamili, siyo bega.

*Kuta ndefu zinatuna.* Ndimi za kuta za mwisho zimebanduka, au vyumba vinabana. Pima tena chupa nene. Ukiwa na hakika ya vipimo, toboa mipasuo midogo kwenye kuta ndefu, kila kigawanyo kipe meno mawili ya mm 5 kila upande, yapenye ukutani na kuushika.

*Sakafu inashuka upande mmoja.* Mara nyingi ni ulimi wa chini wa ukuta wa mwisho uliosahaulika gundi. Upande ule ule ukishuka kila kibebeo, tafuta mkunjo uliochanjwa na kisu.

*Rundo linaegemea.* Kwa kioo, angalia kama kishikio kimepita vizibo, na kama chupa zote ni za kimo kimoja. Chupa za viwanda viwili tofauti hupishana milimita tatu au nne bila wewe kugundua kwa macho. Kwa plastiki, angalia pembe na chaga kwanza.

*Sampuli yako ni imara, ya kiwandani ni dhaifu.* Hii ni ya kawaida kuliko unavyodhani. Chungulia mwelekeo wa mawimbi, pima unene, kisha pima uzito wa shiti ya ukubwa sawa kutoka kwako na kutoka kwao. Karatasi nyepesi haionekani kwa macho, mizani inaiona. Kwa hiyo usilipe agizo zima kabla hujapokea vibebeo kumi vilivyokatwa kwa dai (kifaa cha kukatia umbo, "die") la kiwanda chenyewe, ukavipitisha kwenye kamba, friji na rundo. Vitatu kati yake viandike tarehe, uweke saini wewe na wao, uvihifadhi mahali pakavu. Agizo lijalo likija tofauti, mtafungua kabati na kulinganisha.